Ndege Asiyekula Ulezi

Lizaboni, Songea
14 Agosti 1994

Mdogo wangu Benigna,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua siku hizi huitikii hivyo, basi na asalaam aleikum nayo ipokee, uchague mwenyewe. Sisi huku tupo. Shemeji yako Otto amepunguzwa kazini, yeye na nusu ya wenzake, sasa anauza mitumba sokoni na kusema ndiyo amepumzika. Sukari imejaa madukani, hakuna tena foleni, ila sasa tunaiangalia tu kwenye rafu. Mama hajambo. Miguu inavimba na macho yamepungua nuru, lakini masikio anayo kuliko mimi na wewe.

Jambo lililonifanya nishike kalamu ni ndege. Usicheke. Kuna mwalimu mstaafu anaitwa Erasmus, mtu wa upande wa Peramiho, anapita kwa wazee na radio kaseti yake. Amerekodi sauti za ndege, anawapigia wazee kanda na kuuliza: huyu mnamwitaje? Nani alikufundisha jina hilo? Naye alitokea wapi? Anataka kutoa kitabu cha majina ya zamani, maana watoto wa sasa kila ndege kwao ni ndege tu. Na kweli, tangu watu waache ulezi wakahamia mahindi, nani anakaa tena kwenye dungu, juu ya nguzo shambani, kuamia ndege wasile?

Mama alivyofurahi! Majirani walijaa uani. Kila sauti ikilia, Mama anataja. Mwalimu akasema majina ya Mama mengi si Kingoni, ni Kimatengo cha zamani, na mengine yeye mwenyewe hajui ni ya nani. Anasema Wangoni walipokuja waliwakuta watu hapa na ndege wao, wakaoa, na wanawake wale ndio waliobaki na majina ya kwao, wakawa wanawarithisha watoto shambani. Kwa hiyo jina la ndege linaweza kukuonyesha bibi yako alishuka kutoka mlima gani. Nilipenda sana maneno hayo.

Akalia mnana. Mama akasema, "Huyo wa Asumpta," nami nikataja mwenyewe kwa haki yangu: lihengu. Mwalimu akaliandika na jina langu pembeni. Wa marehemu kaka Pankrasi alitajwa na Mama, maana jina la aliyekufa humrudia aliyelitoa.

Kisha akalia yule mdogo wa alfajiri, mwenye kifua cha rangi ya chungwa na mstari mweupe juu ya jicho. Watu wa pwani humwita kurumbiza. Mama akatabasamu tu. Mwalimu akarudisha kanda, akapiga tena. Mama akasema, "La huyo si langu. Muulizeni Benigna."

Mbele ya watu wote! Mimi ninayemkanda miguu kila jioni nimesimama pale na kikombe chake cha togwa, na jina liko huko kwako Tunduru.

Basi niandikie jina hilo. Na uandike wazi kwamba umenipa, kwa sababu unajua desturi ya nyumba yetu: kila mtoto Mama alimpa ndege wake na jina la kumwitia kutoka dunguni, na mwingine haliiti jina lile shambani mpaka mwenyewe ampe. Likishapita kila mdomo ndege hulizoea, hawashtuki tena. Mwalimu anasubiri.

Dada yako,
Asumpta


Tunduru Mjini
3 Septemba 1994

Kwa dada yangu mpendwa Asumpta,

Shikamoo dada. Na Mama mfikishie shikamoo yangu, ukimshika mikono yote miwili. Sisi huku alhamdulillahi, wazima. Mwanangu Halima sasa yuko darasa la tano na amekuwa mrefu kuliko mimi. Mume wangu Hamisi ameacha duka mikononi mwangu, yeye yuko machimboni, kwenye mawe ya vito. Dada, mji huu umebadilika. Wageni wa kununua mawe wamejaa kwenye nyumba za kulala wageni, na kijana aliyekuwa akibeba maji jana, leo ana pikipiki. Wengine nao wameuza mikorosho yao wakaingia shimoni na hawakupata kitu. Hamisi mpaka sasa hajapata wala hajakosa, ndivyo anavyoniambia.

Nampelekea Mama kitenge kwa konda wa basi. Ni kizuri, cha nta. Wewe nitakuletea chako nikija.

Pole kwa shemeji Otto. Mwambie mitumba ina riziki, huku watu wanaipenda.

Kuhusu yule ndege, tutaongea nikija, inshallah.

Mdogo wako,
Benigna


Lizaboni, Songea
22 Septemba 1994

Benigna,

Hatujambo, kitenge kimefika.

Kimefika na kimenikomesha. Mama amekivaa kanisani, amekivaa sokoni, amekivaa kumpokea mwalimu. "Hiki kitenge cha Benigna." Kila anayepiga hodi lazima akishike upindo aone nta yenyewe. Shuka anazolalia nafua mimi, na maji natoa bombani mimi, bomba ambalo likitoka leo kesho halitoki. Sijawahi kumsikia akimwambia mgeni, "Hizi shuka za Asumpta."

Nilikuuliza neno moja ukanijibu habari za pikipiki. Tutaongea nikija! Utakuja lini? Mara ya mwisho ulikuja kwenye msiba wa Pankrasi, ukalala usiku mmoja.

Sasa nikuambie kitu ambacho kimenikaa kooni tangu tukiwa watoto, maana umenichokoza. Sisi wengine wote tulipewa wezi. Mimi nilipewa mnana, ndege mwenye kelele, anayekuja kundi zima, ukimfukuza huku anatua kule. Nilikuwa nashuka kwenye dungu jioni sauti imekauka, siwezi hata kuomba chumvi. Pankrasi alipewa njiwa. Wewe ukapewa yule wa alfajiri. Benigna, yule ndege hali ulezi! Anakula wadudu chini ya vichaka. Hajawahi kugusa suke la mtu. Ulikuwa umekaa juu ya dungu unaita jina lake kwa raha zako, na yeye anakujibu, na Mama anasimamisha jembe anasikiliza. Mimi nilikuwa napiga makelele, hakuna aliyesimamisha jembe.

Nataka jina hilo, na nataka litoke kwako mwenyewe. Hilo tu. Mwalimu ameandika kurasa zote, hapo kwa ndege huyo pamebaki nafasi tupu.

Asumpta


Tunduru Mjini
11 Oktoba 1994

Dada Asumpta,

Shikamoo. Barua yako niliisoma dukani, mteja akaniuliza kama nimefiwa.

Halima alikuwa na homa, sasa hajambo. Korosho zimeanza kuanguka na wanunuzi binafsi wameshafika na mizani zao, kila mmoja anasema ya mwenzake ni ya wizi.

Dada, wewe ulipewa mnana, ni sawa. Na mimi nilipewa nini kingine? Baba alipofariki, shangazi alikuja kutoka Nakapanya akasema atachukua mtoto mmoja kupunguza mzigo. Pamoja na Mama mlikuwa watatu mnaoweza kulima, na mimi nisiyeweza, nikapakiwa mimi. Wewe ulibaki na Mama. Ulichezewa ngoma na Mama, ulifundwa na Mama, umezaa Mama akiwa mlangoni. Mimi nilifundwa na watu ambao nilikuwa bado sijaijua lugha yao, Kiyao nilikijulia kwenye kulia. Leo unanihesabia kitenge?

Kama nina kitu kimoja Mama alichonipa mimi peke yangu, kisha na hicho unakitaka, basi sema wazi kwamba hutaki nibaki na kitu.

Jina hilo silitoi kwa posta. Mwambie mwalimu wako aandike kurumbiza, inatosha.

Benigna


Lizaboni, Songea
8 Novemba 1994

Benigna,

Otto anakusalimu, amenikataza kukuandikia nikiwa na hasira, kwa hiyo nilingoja. Hasira imengoja pia.

Mvua za kwanza zimenyesha, na juzi yule ndege amehamia kwenye ua wetu wa michongoma. Alfajiri nilikuwa nimempelekea Mama maji ya moto ya kuoga. Ndege akaanza. Mama akainua kichwa, uso umemchangamka, akasema, "Benigna amekuja."

Nilikuwa nimeshika beseni. Nikamwambia, "Mama, ni mimi, Asumpta." Akasema, "Najua ni wewe, wewe upo tu." Wewe upo tu! Niliweka beseni chini nikaenda kupasua kuni ambazo hazikuhitaji kupasuliwa.

Mchana nikamuuliza, nikamuuliza kweli, kwa nini wewe mtoto wa mwisho ulipewa ndege asiyekula ulezi, na sisi tukapewa wezi. Alinijibu. Alichonijibu sikuandikii. Na wewe una jina lako hulitoi kwa posta, na mimi nina jibu langu silitoi kwa posta. Tumekuwa sawa.

Mwalimu alipita tena. Ameniambia ukurasa ule ukikosa jina atamtoa ndege mwenyewe kitabuni, maana ni kitabu cha majina ya hapa, si ya pwani. Atafunga kazi Pasaka. Fikiri kwanza ujibu. Huyo ndege wako akitoka kitabuni, usije ukasema Asumpta alikuonea wivu. Wivu ninao, lakini kumtoa unamtoa wewe.

Asumpta


Lizaboni, Songea
17 Januari 1995

Benigna,

Noeli imepita, mwaka mpya umepita. Nimeulizia kwa makonda, wanasema magari yanakwama njiani lakini barua zinafika. Kwa hiyo najua umepata yangu.

Mama alikuwa mgonjwa wa kifua wiki ya Noeli. Tulimpeleka Peramiho kwa gari la kukodi, amerudi, anakula uji. Hakukutaja. Nakuandikia hivyo ujue. Kisha nikaona nimekuandikia uongo kwenye barua, ambayo haifutiki: alikutaja.

Kama umekasirika sema umekasirika. Kimya chako kinanitisha kuliko matusi.

Asumpta


Tunduru Mjini
6 Machi 1995

Dada yangu Asumpta,

Shikamoo dada. Tumemaliza mfungo, Idd imepita salama, na ninyi nasikia mmeingia Kwaresima. Mungu awatie nguvu. Nimeshukuru kusikia Mama anakula. Hamisi amerudi kutoka kwenye mawe mikono mitupu, amekaa dukani nami, kwa siri nimefurahi.

Nilianza kukuandikia mara nyingi mwezi wa Ramadhani. Mtu akiwa amefunga anaona haya kuandika uongo, na sikuwa na kingine cha kuandika. Sasa nakuambia.

Silijui hilo jina, dada. Nimelisahau.

Sijui lilinitoka lini. Nilipofika Nakapanya nilikuwa naliita kila asubuhi nyuma ya jiko la shangazi, maana ndege yule na huku yupo. Watoto wakanicheka, wao walikuwa na jina lao la Kiyao. Nikawa naliita kwa kunong'ona. Kisha nikawa naliita moyoni. Baadaye nikaolewa, nikazaa, nikawa Mama Halima, huku hakuna hata anayeniita Benigna. Barua yako ya kwanza ilipofika nilicheka, nikasema ni kitu rahisi hicho, nitamwandikia. Nikafungua mdomo, hakikutoka kitu. Nikamwita Halima nimfundishe, nikidhani mbele ya mtoto ulimi utakumbuka wenyewe. Akaniangalia, na mimi nikamwangalia, nikamtuma dukani kununua kiberiti wakati dukani ni kwetu.

Tangu siku hiyo natoka alfajiri nasimama karibu na bafu la makuti. Ndege anaimba pale pale, kila siku, kwa makusudi. Namjua sauti, namjua shingo anavyoigeuza. Jina halipo.

Utaniuliza kwa nini sikusema mapema. Kwa sababu ungefurahi. Usikatae, dada. Mimi ningefurahi ningekuwa wewe. Kila nikisoma barua zako nilikuwa nasema, yeye ana Mama, ana nyumba, ana kaburi la Baba la kufagia, ana lihengu lake mdomoni, na mimi nina kitu ambacho yeye hana. Nikikiri kwamba sina, nitabaki na nini mbele yako?

Usimwambie Mama. Nakupigia magoti. Mwambie mwalimu amtoe ndege kitabuni, mimi nimekubali. Nauli ninayo na ningekuja kwa Pasaka, lakini nitakaaje mbele ya Mama? Ndege ataimba, Mama atanigeukia, nami nitasema nini?

Benigna


Lizaboni, Songea
20 Machi 1995

Mdogo wangu Benigna,

Marahaba. Mama anakusalimu, Otto anakusalimu. Hamisi mpe pole na hongera kwa pamoja.

Uliyosema ni kweli. Nilifurahi. Nilisoma mstari ule nikakaa kwenye kigoda nikaurudia, na jioni ile nilikula vizuri kuliko siku nyingi. Otto akaniuliza nimeokota nini. Nikalala nimefurahi. Asubuhi ndege alipoimba, Mama akasema yale yale, "Benigna amekuja," nikamwangalia mama yule na macho yake mabovu anakutafuta mlangoni, na furaha yote ikaniishia pale pale. Nilijisikia vibaya, Benigna. Nimekuwa na hasira na mtu asiye na kitu.

Sasa nisikilize. Wewe ulidhani nakuuliza jina kwa sababu silijui. Mtoto wewe! Dungu langu na lako yalikuwa yanatazamana, ulikuwa unapiga kelele mpaka ng'ambo ya mto. Nililisikia msimu mzima. Nimelijua siku zote, na sijawahi kulitamka, hata nikiwa peke yangu kisimani, kwa sababu halikuwa langu. Ningeweza kumwambia mwalimu siku ile ile ya kwanza uani, mbele ya watu. Nilitaka unipe. Nilitaka mtu mmoja katika nyumba yetu aseme, "Chukua Asumpta, na hiki ni chako pia."

Na jibu la Mama nalo nakupa, maana nimelificha tangu Novemba kwa kuwa liliniuma. Nilipomuuliza kwa nini wewe hukupewa mwizi, alisema shangazi alikwisha kuleta habari kwamba atakuja kumchukua mtoto ulezi ukivunwa. Mama alijua, sisi hatukujua. Akasema, "Mtoto anayeondoka humpi ndege wa kufukuza. Nilimpa wa kumsikiliza, na nikachagua yule aliye kila mahali, ili popote watakapompeleka amkute." Mimi alinipa mnana kwa kuwa mimi nilikuwa nabaki na kulikuwa na shamba. Nimelifikiria sana jibu hilo. Bado ningependa kupewa yule wa alfajiri. Sikudanganyi.

Mama hajui kwamba umesahau, wala hatajua kwangu. Mwalimu nimemwambia asimtoe, asubiri hadi Jumatatu ya Pasaka, mwenye jina anakuja na basi. Ukitaka kumpa umpe, ukitaka kumnyima umnyime, hapo simo.

Jina la ndege wako ni kachelela. Lisome kwa sauti, vuta ile "le", ndivyo ulivyokuwa ukifanya. Lisome mpaka Hamisi aone umerukwa na akili. Mfundishe Halima njiani.

Panda basi la Alhamisi Kuu, barabara ikikubali. Alfajiri akianza, mimi nitakuwa ndani na beseni la Mama. Toka uani uite jina lake kwa nguvu, kama mtu ambaye hakuwahi kulisahau hata siku moja. Mama akiniuliza, nitasema ndiyo kwanza nalisikia.

Dada yako,
Asumpta